Kiganja cha Unga

Ndugu zangu wa Bashay, na ninyi mtakaosoma habari hii mkiwa mbali, nivumilieni mpaka mwisho ndipo mnihukumu. Mimi ni Genoveva. Hapa kwetu harusi, komunio na misiba yote imepita mikononi mwangu. Nikishika mwiko, hata mama mwenye shughuli anakaa pembeni. Mdomo ninao pia, mnajua wenyewe. Wengi wenu nimewasema hadharani kwa ugali mbichi na wali ulioungua, na mkacheka kwa sababu mlikuwa hamna la kufanya. Leo najisema mwenyewe, na hakuna cha kuchekesha.

Evarist ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alifariki kabla mdogo wangu hajaanza shule, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlisha, nikamfulia, nikamchapa alipostahili. Alipooa akajenga juu ya mteremko, mimi niko chini, na katikati yetu kuna shamba lake la vitunguu saumu. Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, ungemkuta uani kwake anakata mikia ya vitunguu huku mkewe Bernadina anakamua ng'ombe. Walikuwa wanataniana kama watu waliooana juzi. Mimi nikipita kwenda misa namsikia mdogo wangu akiita, "Dada, mwambie wifi yako huyu ng'ombe amechoka kusikiliza kelele zake." Bernadina anamrushia tone la maziwa. Ndivyo walivyokuwa.

Vitunguu saumu ndivyo vilivyomwinua. Zamani tuliuza kwa shida, lakini biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi wakaanza kuja na magari mpaka shambani. Kufikia wakati tulipoanza kuitwa mkoa wa Manyara, Evarist alikuwa na nyumba ya bati na pikipiki. Na soda. Mtu alikunywa soda kama sisi tulivyokunywa maji ya mtungi. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari, na mimi dada yake ndiye niliyekuwa nikimkorogea, nikijisifu kwamba mtoto wa mama yangu sasa anaishi vizuri.

Kisha akaanza kukonda. Kiu haikuisha, na usiku alikuwa hatulii kwa kwenda chooni. Kidole kimoja cha mguu kikapata kidonda kilichokataa kupona. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa sukari, na umekaa muda mrefu. Kidole kikakatwa. Daktari, kijana mpole mwenye adabu, akamwambia, "Mzee, ugali, mkate, wali na viazi punguza sana. Soda acha kabisa. Tusipoishusha sukari hii, safari ijayo tutaongelea mguu." Akaanzishiwa sindano za insulini, asubuhi na jioni.

Sasa niambieni. Mtu wa Mbulu umwambie aache ugali atakula nini? Siku za kwanza Evarist alikaa mbele ya sahani ya mboga akiitazama kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Anakula vijiko viwili, anasukuma. Akazidi kukonda, na Bernadina akawa analia jikoni.

Aliyetuokoa ni binti yao, Oliva. Alikuwa anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii kule Karatu, na huko walikuwa wanapikia wageni wasiokula ngano. Akaja likizo na kibati cha kukwaruzia karoti, kitambaa cheupe na kipande cha jibini. "Shikamoo shangazi," akaniambia, "kaa hapo nikupikie piza." Nikamjibu marahaba, nikakaa, nikiwa tayari kucheka.

Alichukua koliflawa mbili, ile mboga nyeupe inayofanana na ua, akazikwaruza mpaka zikawa punje ndogondogo kama wali. Akazichemsha dakika chache tu, akaziacha zipoe, akazifunga kwenye kitambaa, akaanza kukamua. Jamani, alikamua. Maji yaliyotoka yalijaa kikombe, na bado akaendelea mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. "Siri yake ni hapa, shangazi," akasema. "Maji yakibaki, haishiki." Akachanganya na mayai mawili, jibini kidogo, vitunguu saumu vya baba yake na chumvi. Akatandaza kwenye bati lililopakwa mafuta, akaweka ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, akafunika, na makaa juu ya mfuniko. Ilipokauka na kuwa ya kahawia akaweka juu yake nyanya, hoho na nyama ya kusaga, akairudisha motoni.

Nilimwambia Bernadina, "Wifi, umeamua kumlisha mume wako maua?" Lakini Evarist alikula. Alishika kipande mkononi, akakiuma, akachukua kingine. Siku ile Bernadina alitoka nje akajifanya anaangalia ndama, kumbe anafuta machozi.

Basi ikawa ndicho chakula chake. Bernadina akapanda matuta ya koliflawa nyuma ya nyumba, jibini akawa ananunua kwa masista, au akikosa anagandisha maziwa yake mwenyewe kwa limau. Miezi ikapita. Sukari ikashuka, sindano zikapunguzwa, na kidonda cha mguu kikafunga. Evarist akarudi shambani. Mimi niliendelea kutania kuhusu maua, lakini moyoni nilimshukuru Mungu kwa ajili ya wifi yangu. Hilo sikumwambia.

Kosa langu linaanzia hapa.

Mama yake Bernadina, anayeishi Hirbadaw kule Hanang, alianguka akavunjika nyonga. Bernadina ndiye binti pekee, ikabidi aende kumuuguza. Kabla ya kuondoka alinifundisha siku mbili mfululizo. Alinishikisha kitambaa, akanionyesha jinsi ya kukamua, akasema, "Dada, unga usiguse hapa. Hata kidogo. Nimekuachia mume wangu."

"Nimempikia kabla hujamjua," nikamjibu. "Nenda ukamuuguze mama."

Jumatano ya kwanza ilikuwa zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali nyumbani kwa Evarist. Walikuja watu wa hapa, na ndugu zetu wawili kutoka Gendabi. Nikapika piza ile tangu mchana. Nilikamua, lakini mikono yangu ina baridi yabisi, na kwa kweli nilikuwa na haraka. Nilipoigeuza ikavunjika. Nikajaribu nyingine, ikavunjika vilevile, ikabaki rojo kwenye bati. Na huko nje nasikia mtu anauliza, "Leo mama Genoveva anatupikia nini?"

Mnajua mila yetu ya mezani. Sisi ni watu wa kula kwa mkono, na chakula kisichoshika mkononi kwetu ni aibu ya mpishi. Hivyo ndivyo nilivyowapima wake za watu maisha yangu yote. Ugali wako unashika au haushiki? Sasa mimi mwenyewe nimesimama na rojo, na watu niliowasema wamekaa sebuleni wakisubiri sahani.

Ndoo ya unga wa ngano niliyoileta kutoka kwangu ilikuwa pale kwa ajili ya chapati za wageni. Nikachota kiganja kimoja. Nikajiambia, kiganja kimoja kwa sufuria nzima kitamfanya nini mtu mzima? Nikachanganya, nikatandaza, nikageuza. Ilishika kama chapati.

Evarist aliishika juu mbele ya watu wote, haikuinama. "Dada," akasema, "ya kwako ni nyingine. Ya Bernadina lazima uikinge kwa kiganja chini isidondoke." Watu wakacheka. Nami nikacheka, na nawaambia ukweli, nilifurahi sana. Mtu mzima na akili zangu nilifurahia kumshinda wifi yangu kwa wizi.

Kesho yake ningeweza kukamua vizuri. Ningeweza kupiga simu Hirbadaw niulize. Lakini mdogo wangu alikuwa ameshaizoea ile ya jana, akasema, "Fanya kama ile ya jumuiya." Nikafanya kama ile. Wiki ya pili kiganja kimekuwa viwili. Ilipofika mwisho wa mwezi, koliflawa ilikuwa ndogo na unga ndio mwingi, na Evarist alikuwa anakula sahani nzima na kusema kwamba tangu augue hajawahi kushiba hivi. Angeachaje kushiba?

Siku ya kliniki nilimsindikiza. Walimtoboa kidole, wakaweka damu kwenye kimashine. Daktari akaangalia, akarudia kupima. "Mzee, shikamoo tena," akasema kwa utani, "mbona umepanda hivi? Unakula nini?"

"Chakula kilekile," Evarist akajibu. "Unga sijaugusa mwaka mzima. Muulize dada yangu, ndiye anayepika."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Pale ndipo pa kusema. Maneno yenyewe ni manne tu: daktari, mimi nimeweka unga. Nikaona uso wa mdogo wangu unavyoniamini. Nikasema, "Ni mboga tupu, daktari."

Basi daktari afanye nini? Aliamini kilichosemwa. Akaona ugonjwa umekuwa mkali, akaongeza sindano. Mwezi uliofuata sukari ilikuwa bado juu, akaiongeza tena. Akatuonya vizuri sana, hilo nalisema ili asilaumiwe. "Ukiona jasho, mikono inatetemeka, macho yanafifia, lamba sukari haraka, usisubiri." Lakini nyumba ile haikuwa na sukari hata chembe. Bernadina alikuwa ameifukuza yote kwa upendo.

Bernadina alirudi baada ya miezi miwili. Alimkuta mumewe amenenepa kidogo, akashangaa na kufurahi. Kisha akaona karatasi ya kliniki. Akaja kwangu jioni hiyohiyo.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama anaendeleaje?"

"Anasimama sasa. Dada, mbona sindano zimeongezwa mara mbili? Ulimpikia vilevile?"

"Vilevile," nikasema.

"Hukubadilisha chochote?"

"Sasa nibadilishe nini, wifi? Unaniuliza kama mtoto." Nikajifanya nimeudhika. Bernadina akaniomba radhi. Aliniomba radhi mimi.

Ningeweza kumfuata njiani. Nilikaa nikisonga ugali wangu, nikijiambia mambo yatajinyoosha yenyewe, sasa amerudi mwenye mume wake, unga utakoma na hakuna atakayejua. Sikufikiria sindano. Naapa sikuifikiria. Sindano ile ilikuwa imepimwa kwa ajili ya mtu anayekula ngano sahani nzima, na kuanzia kesho yake Evarist alirudi kwenye koliflawa tupu.

Siku ya kwanza alisema kichwa ni chepesi. Siku ya pili alitokwa na jasho akiwa amekaa, akasema ni joto. Siku ya tatu asubuhi alichoma sindano yake kama alivyoandikiwa, akala vipande viwili vya piza ya mke wake, akachukua panga kwenda kukata majani ya ng'ombe kule kwenye korongo.

Saa sita akawa hajarudi. Saa saba Bernadina akaanza kuita. Modest, jirani yetu mwenye mbuzi, ndiye aliyemkuta amelala kifudifudi kwenye majani aliyoyakata, shati limeloa chapachapa. Tulikimbia wote. Watu wakasema ni kifafa, wakammwagia maji. Mwingine akasema amelogwa. Mimi nilisimama pale, shati lile lililoloa likinikumbusha onyo la daktari na unga wangu, na hata wakati ule mdomo wangu huu mrefu haukufunguka. Walimfunga katikati ya watu wawili kwenye pikipiki yake mwenyewe, wakampeleka hospitali. Walipopima, sukari ilikuwa imeshuka mpaka karibu na sifuri. Daktari yuleyule alituambia kwamba ubongo ulikaa bila chakula saa nyingi.

Evarist hakufa. Aliamka siku ya nne. Lakini aliyeamka hakuwa yule aliyekuwa akimtania mkewe uani. Hasemi. Upande mmoja umelegea. Anatazama watu kama anatazama ukuta, mara mojamoja anatabasamu bila sababu, na hakuna anayejua anachokiona.

Mnadhani niliungama hapo? Hapana. Kikao cha ukoo kilikaa. Baba mdogo Ignasi ndiye aliyeanza. Alisema, "Mwanamke huyu amemnyima mume wake ugali mwaka mzima. Mkulima ataishi kwa maua? Alipopikiwa na dada yake alinenepa. Mke karudi, siku tatu tu, mtu kaanguka. Mnataka ushahidi gani?" Watu wakaguna kukubali. Neno lile la maua lilikuwa langu, mimi ndiye niliyelitupa kijijini kwa utani, sasa linatumika kumpiga.

Bernadina alisimama. "Nilipika kama nilivyokuwa napika siku zote," akasema. "Labda nilikosea mahali. Nimejiuliza sana, sijui nilikosea wapi." Oliva alikuwa amekaa karibu na mama yake, analia, maana chakula kile ni yeye aliyekileta. Nami nilikuwa nimekaa na wazee, nikihesabu maua ya kitenge changu. Wakaamua Bernadina asimpikie tena mume wake bila kusimamiwa na mtu wa ukoo. Msimamizi wakamchagua nani? Wakanichagua mimi.

Kesho yake Bernadina alizing'oa koliflawa zote akawapa ng'ombe. Akaacha kuja jumuiya. Mkipita mlikuwa mnanong'ona, nami nilisikia, na wengine mlininong'oneza mimi mkidhani mnanifariji.

Miezi minne nilipanda ule mteremko kila siku kumsimamia mwanamke asiye na kosa. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha maradhi, nilificha unga, na kilichonivua nguo hakikuwa kifo. Ni jioni moja tu ya kawaida. Nilifika uani, mlango wa jikoni uko wazi, nikamsikia Bernadina anaongea na mumewe huku akimlisha mboga zilizopondwa. Alidhani yuko peke yake naye. Alikuwa anasema taratibu, "Nisamehe baba Oliva. Nilitaka upone. Kama nilikulisha vibaya, nisamehe."

Nilikaa chini pale mlangoni, nikamwambia yote. Jumatano ya jumuiya, bati lililovunjika, kiganja cha kwanza, daktari, na lile neno vilevile. Niliongea muda mrefu. Nilingoja anipige, au apige kelele watu wajae, na ningeshukuru.

Alifuta kidevu cha mdogo wangu kwa kanga. Akachota tena, akampelekea mdomoni, akangoja ameze. Kisha akasema bila kunitazama, "Ungeiacha tu ivunjike, dada. Angekula na kijiko."

Nililia mpaka giza likaingia, naye akaendelea kumlisha.

Kesho yake nilikwenda kwa baba mdogo Ignasi, nikamwambia. Nikaenda kwa daktari, nikamwambia. Sasa nawaambia ninyi. Bernadina hajasema kama amenisamehe, wala mimi sijamwomba afanye haraka. Ananiruhusu nikate majani ya ng'ombe na kufua nguo za Evarist. Kwenye chakula chake sigusi.

FUNZO

Chakula cha mgonjwa si mashindano ya mapishi. Ukipewa kazi ya kumpikia, pika kama ulivyoelekezwa, hata kikitoka kibaya cha kutazama. Kikikushinda, sema kimenishinda. Hilo neno haliui mtu.

Daktari akiuliza mgonjwa anakula nini, mwambie ukweli wote, hata kama mgonjwa amekaa hapo na utamwaibisha, hata kama utajiaibisha. Daktari hupima dawa kwa maneno yako. Ukimpa uongo, dawa ileile inayoponya itamwangusha mtu wako. Na nyumba yenye mtu wa sindano isikose sukari kidogo karibu, maana siku ya kuihitaji haibishi hodi.

Ninyi wa ukoo na wa jumuiya, mke anayemwekea mume wake mipaka ya chakula kwa amri ya daktari hajamnyima chakula. Muulizeni kabla hamjamkalia kikao.

Na wewe unayesifiwa kwa mikono yako kama nilivyosifiwa mimi, sifa ile isikuzuie kusema nimeshindwa. Nilikuwa na nafasi kwa daktari, nilikuwa nayo kwa wifi, nilikuwa nayo pale korongoni, na kila mara nilichagua jina langu. Jina hilo mnaweza kulifanya mpendavyo. Nawaomba tu mumrudishie Bernadina la kwake. Mkimkuta njiani kesho, msalimieni.